Saa ya mashine na saa ya mgonjwa: mfumo wa utafiti uhifadhi ipi?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa data katika utafiti wa dawa ya malaria. Tuna vituo viwili Tanzania, kimoja pwani ya Kenya, kimoja Bukavu na kimoja Ghana. Seva yetu iko Uholanzi. Mtakwimu anataka kila saa ihifadhiwe kwa UTC (saa ya pamoja ya kimataifa) ili vituo vyote vilingane. Wauguzi wa Tanzania wanalalamika kwamba wakiandika damu imechukuliwa saa 8:40, ripoti inawaonyesha 6:40, na tangu mwisho wa Machi inawaonyesha 7:40. Monita, yule anayekagua data yetu kwa kuilinganisha na mafaili, ameshatuandikia mara mbili kwamba saa za kwenye mfumo hazilingani na za kwenye faili la mgonjwa. Nani yuko sahihi? Na tufanyeje, maana tumeshasajili washiriki kwa miezi sita? (Msimamizi wa data, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, barua yako imebeba majibu mawili ambayo wewe mwenyewe hukuyaona, na nitaanza na lile jepesi.

Hiyo 6:40 si UTC. UTC ingewapa 5:40 mwaka mzima, kwa sababu Tanzania na Kenya ziko masaa matatu mbele ya UTC na hazisogezi saa zao kamwe. Mnachoonyeshwa ni saa ya Uholanzi, ambayo iko mbele ya UTC kwa saa moja wakati wa baridi na masaa mawili wakati wa joto. Ndiyo maana pengo lilibadilika mwisho wa Machi, Ulaya ilipopeleka saa zake mbele. Aliyesimika seva aliiacha na saa ya mahali ilipo, na programu inageuza kila saa inayoingia kuwa ya huko bila mtu yeyote kuiagiza. Kwa hiyo mtakwimu na wauguzi wanagombana juu ya UTC ilhali UTC haijaingia hata mara moja kwenye mfumo wenu.

Angalia na vituo vingine kwa hesabu hiyohiyo. Bukavu iko masaa mawili mbele ya UTC, kwa hiyo miezi ya baridi 08:40 yao ilisomeka 07:40, na tangu Aprili inasomeka 08:40 barabara. Wauguzi wa Bukavu watakuwa wamenyamaza sasa. Msidhani kosa limepona, ni saa mbili zimekutana kwa bahati na zitaachana tena Oktoba. Ghana ambako saa ni ileile ya UTC, 08:40 ilikuwa 09:40 na sasa ni 10:40. Kosa ni moja, lakini kila kituo kinaliona kwa sura yake. Ndiyo maana barua pepe za malalamiko hazikuwafikisha kwenye chanzo.

Sasa kuhusu nani yuko sahihi. Katika utafiti wa tiba kuna saa za aina mbili, na mfumo unaozichanganya hauponyeki kwa kubadilisha mpangilio wa seva.

Ya kwanza ni saa ya mashine: rekodi iliundwa lini, nani aliibadilisha lini, daktari aliisaini lini, seva iliipokea lini. Saa hii haiandikwi na binadamu. Kompyuta ndiyo inayoiweka, na hakuna mfanyakazi anayepaswa kuweza kuigusa. Kanuni za Marekani zijulikanazo kama 21 CFR Part 11, za mwaka 1997, zinadai kumbukumbu ya mabadiliko yenye muhuri wa muda uliowekwa na kompyuta yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Dawa la Ulaya kuhusu mifumo ya kompyuta katika majaribio ya tiba, ulioanza kutumika Septemba 2023, unataka muhuri huo usiache utata, kwa mfano uwe wa UTC, au uwe saa iliyoandikwa pamoja na ukanda wake, yaani eneo lenye saa ileile. Hapa mtakwimu wenu ana haki kabisa. Rekodi ikifunguliwa Ghana, ikarekebishwa Tanga na kusainiwa Bukavu siku hiyohiyo, ni UTC pekee itakayoonyesha kipi kilitangulia.

Ya pili ni saa ya mgonjwa. Muuguzi amechoma sindano, akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaandika. Alichoandika ni kipimo kama uzito au joto la mwili. Mtoto akipimwa kilo 11.2 hatumgeuzi kuwa pauni kwa sababu seva iko nchi nyingine, na saa yake vivyo hivyo haigeuzwi. Inahifadhiwa kama ilivyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Monita anapofungua faili na kufungua mfumo, lazima aone kitu kilekile. Hapa wauguzi wenu ndio wenye haki.

Na si suala la kumridhisha monita tu. Saa ya mahali ina maana katika mwili. Hapo kwenu Tanga mnaijua habari ya matende na mabusha: vimelea vyake hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, ndiyo maana damu ya kuvitafuta huchukuliwa kati ya saa nne na saa nane usiku. Mtafiti akiona sampuli imechukuliwa 23:30, anajua ni sahihi. Mgeuzie iwe UTC, ataona 20:30 na ataitupa sampuli nzuri. Joto la mwili, presha, homoni ya kotisoli, kufunga kula kabla ya kipimo, dozi ya asubuhi, vyote vinafuata jua la mahali mgonjwa alipo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjadala wenu ni hili: UTC kwa mashine, saa ya ukutani kwa mgonjwa, na kwa kila saa ya mgonjwa hifadhini pembeni ukanda wa mahali tukio lilipotokea. Mkiwa na vitu viwili hivyo, saa iliyoandikwa na jina la ukanda, programu inaweza kukokotoa UTC wakati wowote mtakwimu anapoihitaji. Mkihifadhi UTC peke yake, safari ya kurudi haina uhakika, kama mnavyoonja sasa na saa ya Uholanzi.

Ukanda uandikwe kwa jina la orodha ya kimataifa inayotunzwa na IANA (shirika linalosimamia majina na namba za intaneti), kwa mfano Africa/Nairobi, Africa/Lubumbashi au Africa/Accra. Usiandikwe kwa vifupisho. CST ni ya Marekani ya kati, ni ya China, na ni ya Cuba. IST inadaiwa na India, Israel na Ireland. Wala usitosheke na "+3" (yaani masaa matatu mbele ya UTC) kwenye jedwali la vituo, kwa sababu nchi hubadilisha saa zake kwa uamuzi wa serikali, na taarifa inaweza kuja ghafla. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi kwenye +3 hadi 1 Februari 2021 ilipohamia +2. Misri ilirudisha saa za majira ya joto Aprili 2023. Morocco hukaa +1 mwaka mzima, ila hurudi nyuma saa moja kwa ajili ya Ramadhani. Aliyeandika namba kwenye jedwali atakuwa na data mbovu kuanzia siku ile. Aliyeandika jina la ukanda anahitaji tu kusasisha orodha kwenye seva, na historia inabaki salama.

Ukanda huo uufunge na ziara, yaani kila mara mgonjwa anapoonwa, usiufunge na mgonjwa wala utafiti mzima. Mama anayeanza matibabu Kigoma na kumalizia upande wa Kongo ana ziara mbili zenye kanda mbili. Na usiufunge na nchi, maana Kongo peke yake ina saa mbili: Kinshasa ni +1, Bukavu na Lubumbashi ni +2.

Usidhani haya ni matatizo ya watu wachache. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, lilikuwa na vituo 11 katika nchi 7, na zaidi ya watoto wachanga na wadogo 15,000. Burkina Faso na Ghana ziko kwenye UTC yenyewe, Gabon +1, Malawi na Msumbiji +2, Kenya na Tanzania +3. Kanda nne katika bara moja, bila kuhesabu wadhamini na maabara za Ulaya na Marekani.

Neno moja kwa watayarishaji programu wenu. Ghana ni mahali pabaya pa kufanyia majaribio ya mfumo, na London wakati wa baridi pia, kwa sababu huko saa ya mahali na UTC ni kitu kimoja na makosa yote yanajificha. Wajaribu kwa kifaa kilichowekwa Nairobi, kingine New York, na kingine Kathmandu ambako pengo ni masaa matano na dakika arobaini na tano. Wakumbuke pia kwamba ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL aina ya data inayoitwa timestamp with time zone haihifadhi ukanda wowote, licha ya jina lake. Inageuza saa kuwa UTC na kuutupa ukanda ulioletwa. Jina hilo limewaangusha watu makini sana. Ukitaka ukanda, uwekee safu yake.

Tarehe zisizo na saa ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa sababu zinaharibika kimyakimya. Tarehe ya kuzaliwa haina saa. Programu nyingi huihifadhi kama saa sita usiku ya siku hiyo, kisha huigeuza kuwa UTC. Mtoto aliyezaliwa 14 Mei kwa saa za Afrika Mashariki anakuwa amezaliwa 13 Mei, 21:00. Mtu akikata saa ili abaki na tarehe, mtoto ameongezewa siku. Kwa mtoto wa miaka mitatu si kitu. Kwa chanjo inayotolewa kuanzia wiki sita za umri, siku moja inamtoa mtoto kwenye utafiti au kumwingiza asiyestahili. Dawa yake ni kuihifadhi tarehe kama tarehe, herufi kumi za ISO 8601 (kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa), 2024-05-14, bila saa na bila ukanda.

Vivyo hivyo kwenye fomu, tenganisha kisanduku cha tarehe na kisanduku cha saa. Mama anajua mtoto alitapika Jumanne lakini hajui saa ngapi. Kisanduku kikiwa kimoja, mfumo utadai saa, na mfanyakazi aliyechoka ataweka 00:00. Miezi sita baadaye una lundo la matukio ya saa sita usiku ambayo hayakutokea saa sita usiku. ISO 8601 inaruhusu tarehe ibaki bila saa, na muundo wa kupanga data uitwao SDTM, wa shirika la viwango la CDISC, ambao mtautumia mkipeleka data kwa mamlaka za dawa, unaipokea hivyo bila shida.

Sasa nije kwenye jibu la pili lililomo ndani ya barua yako, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Umeandika kwamba wauguzi "wakiandika damu imechukuliwa saa 8:40". Nilisimama hapo. Ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi, au saa nane na dakika arobaini mchana? Kutokana na ile 6:40 najua mfumo uliichukua kama 08:40. Lakini muuguzi alimaanisha nini, mimi sijui, mfumo haujui, na mtakwimu aliyeko Ulaya hawezi hata kuhisi kwamba kuna swali. Kanda za saa zinawapotezea saa moja au mawili. Saa ya Kiswahili inapoteza masaa sita, na haiachi alama.

Tunaijua wote tangu utotoni: mshale uko kwenye nane, mdomo unasema saa mbili. Muuguzi mmoja mmoja hakosei. Kosa huzaliwa saa inapohama kutoka mdomoni kwenda kwenye kalamu. Anayechoma sindano anaita "saa mbili na nusu!", anayeandika anaweka 2:30. Nimewahi kukaa na timu iliyokuwa ikitafuta kwa wiki kadhaa kwa nini dawa "haikuonekana" kwenye damu ya baadhi ya washiriki. Nusu ya jibu ilikuwa hapo, karatasi mbili za chumba kimoja zikitumia saa mbili tofauti.

Sikiliza sasa kwa nini ukaguzi wa kawaida hauligundui. Wengi huweka kanuni kwamba saa lazima iwe ndani ya muda wa kliniki, tuseme 07:00 hadi 17:00. Kanuni hiyo inakamata makosa ya asubuhi: saa mbili iliyoandikwa 02:00 inapiga kelele. Lakini makosa ya mchana inayapitisha. Saa saba mchana ikiandikwa 07:00, saa nane ikiandikwa 08:00, saa tisa ikiandikwa 09:00, saa kumi ikiandikwa 10:00, zote zinaonekana saa nzuri za kazi. Na lile kosa la asubuhi lililopiga kelele, mtu mwenye nia njema hulirekebisha kwa kubahatisha: anaona 02:00, anasema "bila shaka ni mchana", anaandika 14:00. Sasa limekuwa kosa lililosainiwa.

Ukaguzi unaosaidia ni wa mfuatano. Sampuli haiwezi kupokelewa maabara kabla ya kuchukuliwa. Dozi haiwezi kutangulia kipimo cha malaria kilichothibitisha ugonjwa. Pengo kati ya kuchukua damu na kuizungusha kwenye mashine likikaribia masaa sita pamoja na dakika za kawaida za safari, liulizwe hapohapo. Zaidi ya hayo, kila mwezi chora mchoro wa saa za matukio kwa kila kituo na kila mfanyakazi. Kituo kizuri kina mlima asubuhi na kilima kidogo mchana. Kituo chenye mchanganyiko kina uvimbe kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri, au mchana wake umepotea wote. Jicho linaliona kwa sekunde moja.

Kinga yenyewe iwe kwenye fomu. Usiwaambie wauguzi waache Kiswahili, maana mama anayehojiwa atasema saa kwa Kiswahili na muuguzi atatafsiri kichwani, na kichwa kilichochoka hukosea. Fomu iulize kwa lugha ya nchi: chagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa, kisha dakika. Mfumo ugeuze na umrudishie kwa maandishi makubwa: "Saa 2:30 asubuhi, yaani 08:30. Sahihi?" Kwenye karatasi weka saa za tarakimu nne daima, 08:40 na 14:40, na bandika saa ya dijitali ya masaa 24 kwenye kila chumba cha kuchukulia damu. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko sampuli moja iliyopotea. Bukavu fanyeni mafunzo yao peke yao. Aliyesomea kwa Kifaransa ana mazoea ya kuandika 14h30, na fomu iliyojaribiwa Tanga tu itamchanganya.

Halafu kuna usiku. Kigezo cha kawaida cha kuingia utafiti wa malaria ni homa sasa hivi au homa ndani ya masaa 24 yaliyopita. Mama wa pwani anakuambia, "Homa ilianza usiku wa Ijumaa." Kwa wazee wetu wengi, Tanga na Kilifi, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa muuguzi kijana aliyetoka chuoni, usiku wa Ijumaa ni Ijumaa baada ya jua kuzama. Wameachana kwa siku nzima, na kila mmoja ana hakika. Tena "jana usiku saa nane" kwenye kalenda ni leo, 02:00. Wafundishe waulize kwa neno lisilo na njia mbili, "usiku wa kuamkia siku gani?", na swali hilo liandikwe neno kwa neno kwenye fomu.

Na ngoja niseme hili ingawa walimu wangu wa Kiswahili wasingelipenda. Dawa mseto ya malaria ya ALu ina dozi sita: ya kwanza papo hapo, ya pili masaa 8 baadaye, kisha masaa ya 24, 36, 48 na 60. Mwambie mama "mpe dozi ya pili baada ya saa nane", naye ana haki ya kuelewa ampe mchana, saa nane ikishapita. Sarufi sanifu inataka "saa" bila "ma", lakini katika maelekezo ya dawa ninaandika "masaa manane" bila kusita, na hapohapo ninataja saa yenyewe: dozi ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili saa kumi jioni leo. Umeona kwamba katika barua hii nzima nimesema masaa kwa muda unaopita, na saa kwa kile kinachosomwa ukutani. Fanyeni hivyo hadi kwenye itifaki (mpango rasmi wa utafiti) iliyotafsiriwa. Artemether, moja ya dawa zilizomo kwenye ALu, hupungua nusu mwilini kwa masaa machache tu, kwa hiyo dozi iliyoandikwa kwa saa isiyo yake inaharibu mchoro mzima wa dawa kwenye damu ya mtu yule.

Vifaa vya uwanjani nitavigusa kwa ufupi. Tableti ikikaa siku tano bila mtandao, saa yake inaweza kuteleza, na betri ikifa kabisa baadhi huamka zikidhani ni miaka mingi iliyopita. Ukienda mpakani, kwa mfano Tunduma, ng'ambo ya barabara ni Nakonde ya Zambia yenye saa moja nyuma. Simu ikishika mnara wa upande wa pili, inajisogeza yenyewe. Android ina swichi mbili tofauti, ya saa kujirekebisha na ya ukanda kujirekebisha. Acha ya kwanza ikiwa imewashwa, zima ya pili, uweke ukanda wa kituo kwa mkono na ufunge mipangilio. Kila tableti inapounganika na seva, programu ilinganishe saa zao na kuandika tofauti, ili rekodi za siku zile ziweze kupimwa kwa kiasi kifaa kilivyoteleza. ODK, programu ya kukusanyia data uwanjani, hufunga pengo la UTC pamoja na saa inayoichukua, jambo zuri. Kwenye REDCap, programu nyingine ya data za utafiti, kuwa makini: @NOW huchukua saa ya kifaa cha mtumiaji, @NOW-SERVER ya seva, @NOW-UTC ya UTC, na hakuna kati ya hizo inayofaa kwa saa ya mgonjwa. Hiyo iandikwe na aliyeiona.

Matukio mazito ya kiafya yanahitaji makubaliano ya maandishi. Mdhamini hutaka kujulishwa ndani ya masaa 24 tangu kituo kifahamu. Hesabu hiyo ifanywe kwa UTC, lakini barua ya onyo ionyeshe saa ya kituo na saa ya mdhamini, zote mbili, zikiwa na majina ya kanda zake. Hali kadhalika itifaki iseme "siku ya 7" ni siku ya saba ya kalenda ya kituo au masaa 168 kamili. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hilo mwaka wa tatu wa utafiti.

Sasa data ya miezi sita. Nusu yake inaokoka. Mkiwa na hakika kwamba programu iligeuza kila saa kwa kanuni moja, kutoka saa ya kifaa kwenda ya Uholanzi, basi inaweza kugeuzwa kurudi, kwa kufuata tarehe ya kila rekodi na ukanda wa kila kituo. Kama mlianza usajili kabla ya mwisho wa Oktoba, kuna masaa mawili yasiyogeuzika kwa uhakika: usiku ule Uholanzi waliporudisha saa nyuma, saa yao ya 02 ilipita mara mbili, sawa na kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri ya kwenu. Rekodi zikiwepo hapo, zisomwe faili kwa faili. Kazi hii msiifanye kwenye hifadhidata hai. Fanyeni kwenye nakala, kwa msimbo uliosomwa na mtu wa pili, mkiandika sababu, tarehe na idadi ya rekodi zilizoguswa, na thamani ya zamani ibaki kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. Mwambieni mdhamini na kamati ya maadili kabla ya kuanza. Mkaguzi hatishwi na kosa lililoelezwa. Anatishwa na saa zilizobadilika usiku mmoja bila maelezo.

Makosa ya masaa sita hayageuzwi kwa msimbo, hata kama mnaona dhahiri ni nini kilitokea. Kila moja lirudishwe kituoni kama swali, na muuguzi ajibu kwa kutazama karatasi ya awali na mashahidi wake: daftari la mapokezi la maabara, rejista ya friji, kadi ya kliniki. Shahidi akipatikana, rekebisha. Asipopatikana, futa saa, bakiza tarehe, na eleza.

Wiki hii chukua mafaili kumi ya kila kituo, ukianza na Bukavu kwa sababu huko sasa hivi kila kitu kinaonekana sawa, na ulinganishe saa moja moja na mfumo, ukihakikisha baadhi ya ziara ni za kabla ya Machi. Geuzo lenyewe liwe limekamilika kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uholanzi itakaporudisha saa nyuma tena.